Fahali wawili zizi moja: Uwajibikaji kwa jamii unavyoathiri utafiti wa pamoja wa kampuni hasimu

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii humjia mtu akilini anaposikia kwamba kampuni mbili zinazong'ang'ania wateja wale wale zimeamua kufanya utafiti pamoja. Mwananchi wa kawaida atauliza: Hawa wanaoviziana sokoni kutwa kucha, wataaminianaje wakiwa maabarani? Jibu linalotolewa siku hizi ni kwamba kinachoweza kuwakutanisha ni uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Makala haya yanapima uzito wa jibu hilo. Lina ukweli mkubwa, ila lina mtego pia, na mtego wenyewe umejificha katika neno tunalolitumia.

Tuanze basi na maneno. Ushindani umetokana na kitenzi shinda, chenye asili ya Kibantu. Ushirikiano umetokana na shirika, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Asili zake ni mbili, lakini maneno yote mawili yamepitia kauli moja, ile ya kutendana: shindana, shirikiana. Huwezi kushindana peke yako, na huwezi kushirikiana peke yako. Kila kimojawapo cha vitendo hivi humhitaji mwenzako. Wanariadha wetu wa Iten wanalifahamu jambo hili vyema. Alfajiri wanakimbia kwa kundi, huyu akimvuta yule mlimani, na siku ya mbio kila mtu anapigania nishani yake. Kwa hivyo, lugha yenyewe haioni ajabu watu wale wale wakishirikiana asubuhi na kushindana jioni.

Neno la tatu ndilo tata. Ofisini wengi hutaja tu herufi tatu, CSR, na mambo yakaishia hapo. Ukiwauliza maana yake kwa Kiswahili, utasikia majibu ya namna mbili. Wako watakaokuambia ni hisani ya kampuni kwa jamii. Wengine watasema ni uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Majibu haya si sawa hata kidogo. Hisani ni wema wa hiari. Anayeitoa huamua atampa nani, atatoa kiasi gani na lini ataacha. Wajibu ni deni. Anayewajibika anaweza kuulizwa, na asipotimiza anaweza kulaumiwa. Hivyo basi, kampuni inayochimba kisima kisha ikaita wanahabari imetoa hisani. Kampuni inayojiuliza maji machafu ya kiwanda chake yanakwenda wapi inatimiza wajibu.

Tofauti hii ina uhusiano gani na utafiti? Uhusiano wake ni mkubwa, na ili tuuone itatubidi kwanza tuelewe kwa nini washindani huogopa kutafiti pamoja.

Chukua mfano wa kampuni mbili za kusaga unga wa mahindi, tuziite A na B. Kampuni A inatumia pesa nyingi kutafuta njia bora ya kukausha mahindi ili yasiote kuvu. Inafaulu. Muda si muda, mhandisi wake anahamia B kwa mshahara mnono. Aliyewauzia mashine anapiga domo na wateja wake wengine. Watu wa B wananunua pakiti ya unga wa A dukani na kuichunguza. Mwaka haujaisha, B nayo inakausha mahindi vile vile, tena bila kugharamika sana. Wanauchumi huliita jambo hili kuvuja kwa maarifa. Matokeo yake ni rahisi kuyakisia. Safari ijayo A itasita kutumia pesa katika utafiti, kwa sababu haitaki kuwa punda wa kumbebea hasimu wake mzigo. B nayo inangoja A ianze. Wote wawili wanakaa wakitazamana, na mlaji anaendelea kula unga ule ule.

Mnamo 1988, wanauchumi wawili, Claude d'Aspremont na Alexis Jacquemin, walichapisha hesabu ya tatizo hili katika makala ambayo hadi leo watafiti wa taaluma hiyo huanzia hapo. Waliwaza kampuni mbili zinazoshindana katika mauzo lakini zinazoweza kukubaliana kuhusu utafiti. Waligundua kwamba iwapo maarifa yanavuja kwa wingi, kushirikiana huongeza utafiti na bidhaa, kwani kila upande unaacha kuogopa kuibiwa. Lakini iwapo maarifa yanavuja kidogo tu, kushirikiana hupunguza utafiti. Sababu ni kwamba kilichokuwa kikizisukuma kampuni kutafiti kilikuwa hofu ya kupitwa, na sasa hofu hiyo imetoweka. Kwa ufupi, ushirikiano wa washindani si jambo jema kila mara. Inategemea unaondoa nini: woga wa kuibiwa, au joto la mashindano.

Sasa tuingize uwajibikaji katika hesabu hiyo. Kampuni ya kawaida ina kipimo kimoja, faida yake. Kampuni inayowajibika kweli ina kipimo cha pili: mnunuzi na jirani wamenufaika vipi? Kipimo hiki cha pili hubadilisha mambo matatu.

La kwanza ni namna kampuni inavyouona mvujo wa maarifa. Iwapo A inajali afya ya walaji wote na si wateja wake pekee, basi maarifa yakivuja hadi B si hasara tupu. Mteja wa B naye sasa anakula unga salama. A bado itaumia mfukoni, lakini itakuwa imetimiza sehemu ya lengo lake. Kampuni kama hiyo huwa tayari zaidi kutafiti na kuweka matokeo mezani.

La pili ni uaminifu. Mkataba wa utafiti hauwezi kuandika kila kitu. Nani atakayejua kama B imemtuma mtaalamu wake bora au imemtuma mwanagenzi? Nani atakayejua kama A imetoa takwimu zote au imeficha zile tamu? Mwenendo wa kampuni katika mambo mengine, kama vile inavyowalipa wakulima na inavyotunza mto, huwa ushahidi wa aina fulani. Mkono mtupu haulambwi, na kampuni isiyo na rekodi ya kutimiza ahadi haitapata mshirika kwa urahisi.

La tatu ni uteuzi wa swali la kutafitiwa. Yapo matatizo ambayo hayana soko la maana. Anayeyatatua hapati utajiri, na asiyeyatatua hafilisiki. Hapo mahasimu hawana cha kunyang'anyana, na wajibu ndio unaobaki kuwa sababu ya kuanza kazi.

Hata hivyo, hesabu hii ina upande wa pili ambao wapiga debe wa CSR huupitia mbio. Kampuni inayowajali wanunuzi hupenda kuuza bidhaa nyingi kwa bei nafuu. Kwa kufanya hivyo, inamnyang'anya hasimu wake wateja. Machoni pa B inayojali faida tu, wema wa A ni mkuki. Isitoshe, B inaweza kukaa kitako na kula jasho la A, ikijua kwamba A itatafiti vyovyote vile. Ndiyo maana ushirikiano wa aina hii husimama imara pale pande zote zinapobeba wajibu unaokaribiana uzito. Mmoja akiwa na moyo na mwingine akiwa na kikokotoo tu, ndoa hiyo haitadumu.

Nadharia inatosha. Tutazame visa viwili vya kweli, kimoja cha kutia moyo na kingine cha kutahadharisha.

Kisa cha kwanza kinawahusu watoto wa Homa Bay. Kichocho ni ugonjwa wa minyoo inayoishi ndani ya konokono wa majini kabla ya kumwingia binadamu kupitia ngozi. Wanaokaa kando ya Ziwa Victoria wanaufahamu. Dawa yake, praziquantel, yenyewe ni zao la ushirikiano wa mahasimu. Iliundwa katika miaka ya 1970 na kampuni mbili za Ujerumani, Merck ya Darmstadt na Bayer. Baadaye Merck ilianza kuitoa bila malipo kupitia Shirika la Afya Duniani (WHO), na mwaka 2012 ikaahidi kupandisha msaada huo hadi vidonge 250 milioni kwa mwaka.

Hisani hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na pengo. Kidonge chenyewe ni kikubwa na kichungu. Mtoto wa shule hukimeza kwa shida, na mtoto mdogo hawezi kabisa, tena anaweza kupaliwa. Hivyo takriban watoto 50 milioni wasiofikia umri wa kwenda shule, wengi wao Afrika, walibaki nje ya mpango wa tiba. Mama aliambiwa angoje mtoto akue, huku minyoo ikiendelea kumla. Hapa ndipo neno wajibu linapoachana na neno hisani. Mwenye hisani angesema: Nimekwisha kutoa vidonge, mnataka nini tena? Mwenye wajibu huulizwa: Nani hajafikiwa?

Mwaka 2012 uliundwa muungano wa kutafuta dawa ya watoto hao. Merck ilikuwamo, pamoja na Astellas ya Japani, kampuni nyingine kubwa ya dawa. Astellas ilikuwa na ujuzi wa kutengeneza vidonge, nayo ilibuni kidonge kidogo kinachoyeyuka majini na kisicho na uchungu mwingi. Walishirikiana na taasisi za utafiti za Uswisi, Uholanzi, Brazil, Ivory Coast na kwingineko, na hapa kwetu Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Nchini (KEMRI). Majaribio ya mwisho yalifanywa Kenya na Ivory Coast kuanzia 2019, yakiwahusisha watoto 288 wa kati ya miezi mitatu na miaka sita. Desemba 2023, Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa kauli ya kuiunga mkono dawa hiyo, na mwaka 2024 WHO ikaiorodhesha miongoni mwa dawa zilizokidhi viwango vyake.

Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10. Hakuna kampuni ambayo ingeifanya kwa tamaa ya soko, kwa maana wagonjwa wake ni watoto wachanga wa wavuvi na wakulima maskini. Tena kila upande ulileta kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, kisha zile kampuni zikaendelea kushindana katika dawa nyingine kama kawaida.

Kisa hiki hakiko peke yake. Mwaka 2015, shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika na lenye ofisi pia Nairobi, lilizishawishi kampuni nne, Eisai, Shionogi, Takeda na AstraZeneca, zifungue kwa wakati mmoja hazina zao za kemikali ili kusaka tiba ya magonjwa mawili. Mojawapo ni leishmaniasis, ambao aina yake moja ni kala-azar inayowasumbua wenzetu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Hazina hizo ndizo siri kuu ya kampuni ya dawa. Kuzifungua mbele ya mahasimu, hata kwa masharti, si jambo dogo.

Kisa cha pili kinatoka Ulaya, na kina ladha tofauti kabisa. Magari ya dizeli hutoa gesi za naitrojeni zinazodhuru mapafu. Njia moja ya kuzipunguza ni kunyunyizia moshi kimiminika chenye urea kiitwacho AdBlue. Kinapokuwa kingi vya kutosha, moshi unakuwa safi zaidi. Kampuni za Daimler, BMW na kundi la Volkswagen, likiwamo Audi na Porsche, zilikuwa zikikutana mara kwa mara kujadili teknolojia hiyo. Ukizisikia kwa juu juu ungepiga makofi: mahasimu watano wa Ujerumani wameketi pamoja kusafisha hewa!

Kumbe mezani kulikuwa na jambo jingine. Tume ya Ulaya ilibaini kwamba kati ya 2009 na 2014 kampuni hizo zilikubaliana kuhusu ukubwa wa tangi la AdBlue na umbali ambao gari lingekwenda kabla ya kujazwa tena. Zilihakikishiana kwamba hakuna atakayesafisha moshi kuliko sheria ilivyodai, ingawa uwezo wa kufanya hivyo ulikuwapo. Julai 2021, Volkswagen na BMW zilitozwa faini ya jumla ya Euro 875 milioni. Daimler iliponea chupuchupu kwa sababu ndiyo iliyotoboa siri. Hapakuwa na njama ya kupandisha bei wala ya kugawana wateja. Kosa lilikuwa kuzima mashindano ya ubunifu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Tume hiyo haikukataza utafiti wa pamoja. Ilieleza bayana kwamba kukubaliana umbo la mdomo wa tangi ili dereva yeyote ajaze AdBlue popote hakukuwa na ubaya. Kujadili ubora wa kimiminika chenyewe hakukuwa na ubaya. Hata kuunda pamoja programu ya kupimia kiasi cha kunyunyizia hakukuwa na ubaya. Ubaya ulianza pale walipoambiana: Tusizidi hapa.

Tukiviweka visa hivi viwili bega kwa bega, tunapata mizani ambayo mwananchi yeyote anaweza kuitumia. Swali la kwanza: Wanakubaliana kiwango cha chini ambacho yeyote asishuke, au kiwango cha juu ambacho yeyote asipite? Cha chini humlinda mnunuzi, cha juu humnyima. Swali la pili: Yupo mtu wa nje anayeona kinachoendelea? Katika muungano wa kichocho walikuwapo watafiti wa umma na mashirika ya afya, na matokeo ya majaribio yalichapishwa. Katika kisa cha magari walikuwa wao kwa wao. Swali la tatu: Wakitoka maabarani, bado wanashindana? Utafiti wa pamoja ukianza kuzaa bei ya pamoja, basi huo si utafiti tena.

Wasomaji watauliza: Haya yanatuhusu nini sisi tunaonunua unga dukani? Turudi kwa kampuni zetu A na B. Mwaka 2004, sumukuvu, ile sumu ya aflatoksini inayotokana na kuvu wa mahindi, iliwashika watu 317 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafariki. Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mlaji hana namna ya kujua pakiti ipi ni salama. Unga wa kampuni moja ukipatikana na sumu, watu huogopa unga wote. Kwa hivyo, maarifa ya kupima na kukausha mahindi ni ya aina ile inayovuja, na madhara ya kutokuwa nayo huvuja vilevile. Ni mahali mwafaka pa mahasimu kukaa zizi moja.

Hatua zimeanza kuchukuliwa. Upo mpango uitwao APTECA, ulioanzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambao kampuni za kusaga unga nchini hujiunga nao kwa hiari. Maabara zao hupimwa kwa sampuli ambazo kiwango chake cha sumu kinajulikana, ili ithibitike kwamba vipimo vyao ni vya kuaminika. Huo ni mfano wa kukubaliana sakafu na si dari. Sheria nayo haikuziba njia. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza mapatano ya kuua ushindani, lakini inairuhusu Mamlaka ya Ushindani kutoa idhini maalumu pale mapatano yanapokuza maendeleo ya kiufundi au kuuletea umma manufaa yanayozidi hasara. Kampuni inayosema haiwezi kutafiti pamoja na hasimu wake kwa kuogopa sheria haijaisoma vizuri.

Kinachotuchelewesha ni yale mazoea ya hisani. Hisani ya kampuni nyingi hupangwa na idara ya matangazo, nayo ni sehemu ya ushindani wenyewe. A ikipanda miti, B inapanda mingi zaidi. A ikijenga darasa, B inajenga mawili na kuyapaka rangi za nembo yake. Methali yasema tenda wema nenda zako, lakini hawa hutenda wema wakabaki kupigwa picha. Hakuna ubaya mkubwa katika darasa lililopakwa rangi. Ila hisani ya namna hiyo haiwezi kuwakutanisha mahasimu katika utafiti, kwa sababu ukiigawa inapoteza thamani yake. Nani atakubali nembo mbili katika ukuta mmoja? Wajibu haupungui ukigawanywa. Mzigo wa kuhakikisha unga hauui mtu, ukibebwa na kampuni 10, unakuwa mwepesi kwa kila mojawapo.

Kwa msingi huu, sisi wapenzi wa Kiswahili tuna kazi yetu. Mwanahabari anapoandika kwamba kampuni fulani imetoa hisani, na aandike hivyo ikiwa ni hisani kweli. Lakini anapoandika uwajibikaji, neno hilo lina kitenzi wajibika ndani yake, na kitenzi hicho kinadai maswali: Kwa nani? Kwa jambo gani? Nani atakayepima? Kampuni ikiweza kuyajibu maswali hayo hadharani, hasimu wake atapata sababu ya kuiamini maabarani, nasi tutapata sababu ya kuiamini sokoni. Isipoweza, tuiite hisani, tuseme asante, na tuendelee kudai tunachodai.